Fundi, Chagua Kisu cha Leithi Kulingana na Thredi

Mwenye mashine ya kusaga nafaka akihitaji bolti isiyopatikana dukani, au mkulima akitaka kiungo kipya cha pampu, humwendea fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza vyuma, yaani leithi. Thredi ikikatwa vibaya, hasara humrudia mteja: bomba huvuja, nati hulegea, na puli inayozunguka kwa kasi inaweza kuchomoka na kumjeruhi aliye karibu.

Thredi ni ule mfereji unaoizunguka bolti, na kisu ndicho kinachoupa umbo lake. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei ya kisu, fundi aulize: thredi hii itaingiana na nini?

Pembe na pichi

Bolti za milimita, zile zinazoandikwa M10 au M12, zina thredi ya digrii 60. Bolti za inchi za mfumo wa Marekani pia ni digrii 60. Lakini thredi za Whitworth, zilizopewa jina la mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliyezipendekeza mwaka 1841, ni digrii 55. Thredi za mabomba ya maji za BSP pia ni digrii 55. Kisu cha digrii 60 kikitumika kwenye bomba kama hilo, viungo vinaweza kuingiana, lakini vitagusana sehemu ndogo tu, na presha ikipanda maji yatavuja.

Pichi ni umbali kutoka jino moja hadi lingine. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Marekani aina ya UNC ina 13, na M12 ya kawaida ina pichi ya milimita 1.75. Unene wake unakaribiana, hivyo usikisie kwa macho. Tumia geji ya thredi.

Haispidi au kabaidi?

Kisu cha haispidi hunolewa kwa grainda hapo hapo karakanani. Huvumilia mtikisiko, na hufaa leithi kuukuu na kazi ya mwendo wa polepole. Kila baada ya kukinoa, kipime kwa geji ya pembe, kwa kuwa mkono ukiteleza kidogo pembe hubadilika.

Ncha ya kabaidi huja ikiwa na pembe tayari, hukata kwa kasi na hudumu na makali yake. Udhaifu wake ni kuvunjika upesi: leithi ikitetemeka, au stima ikipotea kisu kikiwa ndani ya chuma, ncha inaweza kumeguka. Kabla ya kununua, uliza aina yake. Ncha inayokata umbo zima la jino hutumika kwa pichi moja tu, ilhali ile isiyokata kilele cha jino hutumika kwa pichi kadhaa. Karakana inayopokea kazi mchanganyiko itafaidika zaidi na hii ya pili.

Kisu chochote utakachochagua, ncha yake iwe sawa na kimo cha kitovu cha kazi, na kisu kisimame wima kwa kazi bila kuinama upande. Kata kidogo kidogo, ukitia mafuta.

Usalama

Vaa miwani ya kukinga macho. Usivae glavu wala mikono ya shati iliyolegea karibu na leithi inayozunguka, na usifute thredi kwa kitambaa kabla mashine haijasimama.

Kwa mteja

Peleka bolti ya zamani pamoja na nati au kiungo kinachoingiana nayo. Kabla ya kulipa, omba vijaribiwe mbele yako: viingie kwa mkono bila kulazimishwa, na visicheze.

Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii waulize katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nao. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ili ujuzi wake utambuliwe kwa cheti.