Gia, Mkanda, Cheni: Injini za Toyota Kutoka Kaunta ya Spea Ilongero

Dukani kwangu Ilongero magari hayaitwi kwa majina ya matangazo. Anayekuja kutafuta gasketi "ya Noah" namrudisha kwa fundi wake akasome injini kwanza. Noah ya zamani ina injini ya 3S iliyojificha chini ya viti vya mbele. Noah iliyoifuata ina 1AZ iliyokaa mbele kabisa, chini ya boneti, na gasketi ya moja haikai kwenye nyingine hata uitie nyundo. Ukishakaa kaunta muda mrefu, Toyota inageuka kuwa mlolongo wa namba na herufi: 5L, 1HZ, 1NZ, 1KD. Watu wengine wanaijua historia ya kampuni hiyo kwa sura za magari yake. Mimi naijua kwa swali moja tu: kamshafti inazungushwa na nini?

Nieleze kidogo. Ndani ya injini kuna shafti mbili ambazo lazima ziende pamoja. Krenki inazungushwa na pistoni, na ndiyo inayopeleka nguvu kwenye matairi. Kamshafti kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, yaani vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, basi. Zikipishana kidogo gari linakosa nguvu na kutoa moshi. Zikipishana sana, kwenye injini nyingi pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko wazi, na hapo mwenye gari anaanza kuulizia bei ya injini nzima. Kinachozifunga shafti hizo pamoja ndicho Toyota imekuwa ikikibadilisha: gia, kisha mkanda, kisha cheni. Na kila ilipobadilisha, ugonjwa wa injini haukuisha. Ulihama.

Injini ya kwanza ya Toyota, Aina A ya mwaka 1935, ilitoka katika kiwanda cha mashine za kufuma nguo. Kiichiro Toyoda, mtoto wa mwanzilishi wa kiwanda, alichukua injini ya Chevrolet ya Marekani, akaifungua yote, akaiga: silinda sita katika mstari mmoja, CC 3,389. Sioni aibu yoyote hapo. Kila fundi mzuri ninayemfahamu alianza kwa kufungua kitu cha mwenzake. Kutoka kwa hiyo ikazaliwa Aina B, ambayo mwaka 1951 ilitiwa ndani ya gari la mfano wa jipu, likapandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita ili polisi wa Japani waone linaweza. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser. Zikafuata injini za F, na mwaka 1975 ikaja 2F ya CC 4,230 inayotumia petroli. Upande wa dizeli kulikuwa na H, na mwaka 1980 ikaja 2H ya CC 3,980.

Hizo F na H zote kamshafti yake inazungushwa na gia, chuma kinasukuma chuma. Gia hazikatiki njiani. Hazina kilomita za kuzibadilisha. Kwa muuza spea ni hasara tupu, na ndiyo maana hata leo huwezi kumshawishi mzee aliyeendesha 2H kwamba kuna injini nyingine duniani. Lakini zilikuwa nzito, zenye kelele, na 2F ilikunywa petroli bila huruma.

Kwa hiyo ukaja mkanda wa raba wenye meno. Kamshafti ilihamishwa juu ya silinda hedi, karibu na valvu zake, na mkanda ukawa njia rahisi na ya kimya ya kuifikia. Injini za Carina na Corolla za familia ya A zikautumia, za familia ya S nazo, na zile dizeli za Hiace, 2L, 3L na 5L. Kisha Januari 1990 ukaingia kwenye injini ambayo ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu: 1HZ.

Soma jina lake vizuri. Kwenye majina ya Toyota, herufi zinazofuata kistari ndizo zinazoeleza vikorombwezo. T ni turbo. E ni upuliziaji wa mafuta unaosimamiwa na kompyuta. F ni kamshafti mbili zilizobanwa karibu, za kubana matumizi. S ni petroli inayopuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Sasa 1HZ baada ya namba na jina la ukoo haina kitu. Hakuna kistari. Ni silinda sita, CC 4,164, valvu mbili kwa kila silinda, nguvu za farasi kama 130 hivi, na pampu ya dizeli inayofanya kazi yake kwa mitambo mitupu. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa kushikilia kivalvu kidogo cha kukata dizeli.

Maana ya hayo utaiona gari likiishiwa dizeli porini huko kuelekea Mudida au Ngamu. Dereva anamimina dumu lake. Injini haiwaki, kwa sababu hewa imeingia kwenye mabomba. Basi anafungua kijinati, anabonyeza kwa kiganja ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, dizeli inatoka kwanza na mapovu, kisha inatoka safi, anakaza, anapiga stata. Hajaita mtu. Ndiyo sababu hospitali, mashirika na halmashauri nyingi zimeishi na injini hii, na ndiyo sababu Toyota, zaidi ya miaka 30 baadaye, bado inaitengeneza kwa ajili ya nchi za aina yetu.

Ila sitaisifia kupita kiasi. 1HZ ni mvivu. Ikiwa na mzigo, mlima Sekenke inaupanda taratibu huku ikimwaga moshi mweusi, na nguvu hizo chache inazilipia kwa dizeli nyingi. Kuna ndugu yake mwenye CC zilezile, 1HD-T, aliyezaliwa na turbo, mwenye nguvu zaidi. Sasa wapo mafundi wanaofunga turbo juu ya 1HZ ili wapate nguvu za bure. Injini ile haikuundwa kwa joto la turbo, na baada ya muda mteja anarudi kwangu kuulizia silinda hedi, imepasuka.

Na mkanda wenyewe? Adui yake ni oili. Sili ya mbele ya krenki ikianza kuvuja, raba inaloa, inavimba, meno yanang'oka. Kwenye dashibodi Toyota iliweka taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilomita 100,000 zikitimia, na kwenye baadhi ya magari 150,000. Watu wanaiamini taa hiyo kama daktari. Haipimi mkanda hata kidogo, inahesabu kilomita tu, kwa hiyo gari lililorudishwa mita au kubadilishwa dashibodi taa yake haina habari yoyote. Ndiyo maana mkanda wa 1HZ siuzi peke yake. Unaondoka na tensiona yake na ile sili, au hauondoki.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 cheni ikaanza kuchukua nafasi ya mkanda, hasa kwenye injini ndogo za petroli. 1NZ ya CC 1,497, ile ya IST na Probox, ndiyo mfano ninaouona kila siku. Cheni inalingana na umri wa injini, wateja wakafurahi, nami nikakosa biashara ya mikanda. Lakini pamoja nayo ilikuja VVT-i, mtambo unaoigeuza kamshafti kidogo mbele au nyuma kadiri gari linavyokwenda, ili liwe na nguvu bila kula mafuta mengi. Kinachoigeuza ni presha ya oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayokaza cheni. Kitabu cha gari kinataka oili nyepesi, 5W-30 au 10W-30. Mtu anakuja na chupa ya maji kutaka oili nzito ya kupima, kwa sababu ndivyo baba yake alivyofanya kwenye pikapu ya Stout. Oili ikiwa chafu, kichujio kidogo cha VVT-i kinaziba na cheni inaanza kulia asubuhi. Ugonjwa umetoka kwenye raba, umehamia kwenye oili.

Kisha ukahamia kwenye mafuta yenyewe. 1AZ-FSE ya Noah, inayojulikana mtaani kama D4, inapulizia petroli ndani ya silinda kwa presha kubwa. Dizeli mpya kama 1KD ya CC 2,982 zinaikusanya dizeli kwenye bomba moja kwa presha inayopita baa 1,000, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ipi ifunguke lini. Matokeo ni mazuri mno: nguvu zaidi, moshi kidogo, lita chache. Ila presha hiyo haivumilii tone la maji wala mchanga, na huku vijijini mafuta yanauzwa kwenye madumu. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulipungua tangu EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, lakini hakuna kinasaba cha kuzuia vumbi la Ilongero kuingia kwenye mpira wa kunyonyea.

Mzee mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti aliwahi kuniuliza kwa nini asitie mafuta yake mwenyewe kwenye pikapu. Swali lake si la kipuuzi. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Nikamwambia mafuta ya kula ni mazito, yanagandisha masizi kwenye nozeli, na juu ya yote lita yake ni ghali kuliko dizeli. Hilo la mwisho ndilo lililomnyamazisha.

Sasa madereva wanazungumzia Land Cruiser mpya za familia ya 70 zenye injini ya 1GD: silinda nne tu, CC 2,755, turbo, cheni. Tangu mwishoni mwa 2023 Toyota inaziuza kwenye baadhi ya nchi. Kijana anayebeba alizeti kutoka Mtinko aliniuliza wiki iliyopita, "Mama, hiyo ya pistoni nne itavuta gunia zangu kweli?"

Nikamwambia itavuta kuliko gari lake la 1HZ. Nguvu ya kuvuta ya 1HZ ni nyutonimita 285. Ya 1GD inafika 500. "Ila wewe mwanangu, dizeli yako unanunua wapi?"

Akacheka, akanyoosha kidole kwenye dumu lililofungwa kwa kamba nyuma ya kibini. Nikamuuzia filta mbili.