‘Mbele ya Rejeta’ ni Upande Upi? Kiswahili cha Kufunga Feni ya Umeme kwenye Pikapu ya Zamani

Maelekezo ya kiufundi ni matini yasiyomsamehe mfasiri. Msomaji wa riwaya akikutana na sentensi yenye utata huweza kuendelea mbele na kuielewa baadaye. Fundi aliyeshika spana hutenda kama alivyosoma, na kosa la sentensi hugeuka kuwa kosa la chuma. Makala haya yanachunguza kazi moja ndogo ya gereji, yaani kuondoa feni inayozungushwa na mkanda kwenye pikapu ya zamani na kufunga feni ya umeme mahali pake. Hoja yake ni kwamba maneno ya mkopo kama rejeta, relei na fyuzi hayaleti matatizo makubwa. Hatari imo katika maneno ambayo kila mzungumzaji anadhani anayajua: mbele, vuta, funga, na kihusishi -a unganifu.

Kazi ya feni

Injini huchoma mafuta, lakini sehemu kubwa ya joto linalopatikana haigeuki kuwa mwendo. Pampu huyasukuma maji kupita ndani ya injini, maji hubeba joto hadi kwenye rejeta, na upepo unaopenya katika rejeta hulichukua joto hilo. Gari likienda kasi kwenye barabara kuu, mwendo wenyewe huleta upepo wa kutosha. Feni huhitajika gari linapotambaa kwenye foleni, linapopanda mlima kwa gia ndogo, au linaposimama injini ikiwa inanguruma.

Katika magari mengi ya zamani feni imefungwa kwenye mhimili wa pampu ya maji na huzungushwa na mkanda. Kwa hiyo kasi yake hufuata kasi ya injini: kwenye foleni, inapohitajika zaidi, ndipo inapozunguka polepole. Feni yenye mota yake haina kifungo hicho. Huzunguka kwa kasi yake kamili hata injini ikiwa chini, na huzima maji yakishapoa.

Hapa ndipo jina la kwanza linapoweza kupotosha. Mkanda huo huitwa ‘mkanda wa feni’. Mwanafunzi anayesoma kwamba feni ya zamani imeondolewa anaweza kudhani kuwa mkanda wake nao hauna kazi tena. Ukweli ni kwamba mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, na kwa kawaida dainamo au alteneta pia. Ukiondolewa, maji hayazunguki na betri haichajiwi. Mfasiri makini ataongeza maneno machache: ‘ondoa feni, lakini mkanda ubaki’.

‘Ya umeme’ kwa maana ipi?

Kihusishi -a unganifu husema tu kwamba vitu viwili vina uhusiano. Hakisemi ni uhusiano gani. ‘Jiko la mkaa’ hutumia mkaa, ‘gunia la mkaa’ hubeba mkaa, na ‘biashara ya mkaa’ huuza mkaa. Katika mazungumzo muktadha hutosha. Katika maelekezo hautoshi kila mara.

Peugeot 404 ni mfano mzuri. Gari hili la Ufaransa lilianza kutengenezwa mwaka 1960, likashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na pikapu yake ikawa chombo cha kazi katika nchi nyingi za Afrika. Feni ya kiwandani ya 404 nyingi inazungushwa na mkanda, lakini hushikwa na klachi yenye sumaku ya umeme. Maji yakipata joto, kihisi hupeleka umeme kwenye sumaku, nayo huibana feni izunguke pamoja na puli. Maji yakipoa, umeme hukatika na feni huachiwa. Je, hiyo si ‘feni ya umeme’? Kwa sarufi, yawezekana kabisa kuiita hivyo. Kwa kazi inayojadiliwa hapa, siyo. Palipo na hatari ya kuchanganya, ni bora kuandika ‘feni ya mota’ kwa ile mpya na ‘feni ya mkanda’ kwa ile ya zamani, kwa kuwa majina hayo hutaja kinachoizungusha.

Neno feni lenyewe halihitaji mbadala. Pangaboi ni neno halali, lakini kwa wasomaji wengi huleta picha ya feni ya darini. Mafundi wa magari husema feni, na matini yao yafuate desturi hiyo.

Kuvuta na kusukuma

Feni za mota ni za namna mbili. Ya kwanza hukaa kati ya rejeta na injini, na huvuta upepo kupitia rejeta. Ya pili hukaa kati ya grili na rejeta, na husukuma upepo kupitia rejeta. Katika namna zote mbili upepo lazima uende upande mmoja: kutoka grili, kupitia rejeta, kuelekea injini. Feni ikipuliza kinyume, gari linapoanza kwenda upepo wa feni hupambana na upepo wa njiani, na rejeta hubaki bila hewa ya kutosha.

‘Feni ya kuvuta’ na ‘feni ya kusukuma’ ni tafsiri sahihi, ila hazijakamilika. Kila feni, popote ilipo, huvuta hewa upande mmoja na kuisukuma upande wa pili. Vitenzi hivi huwa na maana moja pale tu vinapopewa yambwa na njia: ‘feni inayovuta upepo kupitia rejeta’. Maneno mawili zaidi hayamlemei msomaji, na humwokoa na ubashiri.

Tena kuna jambo la kimaumbile ambalo mfasiri anapaswa kulijua. Mota nyingi za feni hizi hugeuza mwelekeo wa mzunguko nyaya zake mbili zikibadilishana nafasi. Hata hivyo mapanga yaliyopinda yameundwa kwa mzunguko wa upande mmoja; yakizungushwa kinyume hupuliza kwa udhaifu. Kwa hiyo sentensi ‘geuza nyaya ili feni isukume’ haifai kuandikwa kana kwamba ndiyo suluhisho la feni iliyonunuliwa kimakosa.

‘Mbele’ ya nani?

Utata mkubwa kuliko yote umo katika sentensi inayoonekana nyepesi: ‘Funga feni mbele ya rejeta.’

Kiswahili hutumia mbele kwa njia mbili. Kwa kitu chenye uso, kama mtu, nyumba au gari, mbele ni upande wa uso wake. Kwa kitu kisicho na uso, kama mti au jiwe, wazungumzaji wengi hupima kwa mwelekeo wa mtazamaji: mbele ya mti ni kule anakoelekea, ng’ambo ya mti. Abiria anayesema ‘nishushe mbele ya hospitali’ mara nyingi hataki kushushwa langoni. Anataka gari lipite hospitali kwanza.

Sasa rejeta ina uso? Gari lina uso, rejeta haina wa kwake. Msomaji mmoja ataiazimisha uso wa gari, na kwake ‘mbele ya rejeta’ itakuwa upande wa grili. Mwingine, aliyesimama kwenye pua ya gari akiwa ameinua boneti na kutazama injini, ataihesabu kwa macho yake: mbele ya rejeta ni ng’ambo yake, upande wa injini. Wote wawili wanazungumza Kiswahili safi. Feni ya kusukuma ikifungwa na huyu wa pili, itapuliza upepo kwenye injini iliyo moto huku ikiwa nyuma ya rejeta, au ikigeuzwa itapuliza kinyume cha njia.

Dawa yake ni kuacha mbele na nyuma, na kutaja kitu kisichohama: ‘upande wa rejeta unaotazama grili’ au ‘upande wa rejeta unaotazama injini’. Hali ni hiyohiyo kwa kulia na kushoto: ‘upande wa dereva’ nao haufai, kwa kuwa usukani hubadilika upande kutoka nchi hadi nchi. Salama ni ‘kulia kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele’.

Kufunga, kufungua, kuwasha, kuzima

Kitenzi funga hubeba maana ya kufunga kwa bolti, na pia ya kuziba au kusitisha. Kinyume chake, fungua, hutumika kwa kulegeza nati na, kwa wazungumzaji wengi, kwa kuwasha chombo kama redio. Agizo ‘fungua feni’ basi linaweza kumfanya mmoja achukue spana na mwingine abonyeze swichi. Katika maelekezo, funga na fungua zibaki kwa nati na bolti. Washa na zima zitumike kwa umeme.

Upande wa umeme hesabu ni fupi. Feni ya wati 150 kwenye mfumo wa volti 12 hutumia ampea 12.5. Taa mbili kubwa za wati 45 kila moja huongeza ampea 7.5, na jumla hufika 20. Dainamo nyingi za magari madogo ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zilitoa takriban ampea 20 hadi 30, tena injini ikiwa na kasi. Injini ikinguruma tu bila kwenda, hutoa kidogo sana. Ndiyo maana gari lenye dainamo mara nyingi hubadilishiwa alteneta kabla ya kufungiwa feni ya mota.

Umeme wa kiasi hicho haupitishwi kwenye swichi ndogo. Hutumika relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Namba za miguu yake zisitafsiriwe wala kupangwa upya: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye feni, 85 na 86 ni za koili. Fyuzi huwekwa karibu na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga.

Kuchemka na kupoa

Mafundi husema ‘gari linachemsha’. Kwa umbo, chemsha hudai yambwa, na mwalimu anaweza kutaka ‘maji yanachemka’. Matumizi ya mafundi yamekwisha kukita mizizi na yanaeleweka. Hayana haja ya kusahihishwa katika mazungumzo. Katika matini ya kufundishia, hata hivyo, inafaa kutaja kinachochemka. Maji matupu yasiyo chini ya shinikizo huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi Mombasa, lakini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke na kukipandisha kiwango hicho, na kwa sababu hiyo hiyo haufunguliwi injini ikiwa moto.

Kwa upande wa pili, poa huzaa poza, na ‘mfumo wa kupoza injini’ ndiyo tahajia inayofaa. Wapo wanaoandika kupooza, lakini neno hilo hubeba pia maana ya kupoteza nguvu za viungo. Mfumo wa kupooza injini si jambo ambalo mwenye gari angelitamani.

Sentensi zinazojitosheleza

Yote yaliyojadiliwa hukusanyika katika maelekezo mafupi kama haya:

‘Fungua nati zinazoshika feni ya mkanda kwenye pampu ya maji. Ondoa feni, kisha rudisha mkanda mahali pake na uukaze. Funga feni ya mota upande wa rejeta unaotazama injini, mapanga yakiwa huru bila kugusa chochote. Unganisha nyaya. Washa feni, injini ikiwa imezimwa, na ushike karatasi nyepesi upande wa grili. Karatasi ikivutwa kuelekea rejeta, upepo unakwenda inavyotakiwa. Ikisukumwa mbali na rejeta, zima feni na ukague nyaya za mota.’

Hakuna neno gumu hapo, wala istilahi iliyobuniwa. Kila kitenzi kina yambwa yake, na kila upande umetajwa kwa kitu kinachoonekana. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi sentensi ‘Funga feni mbele ya rejeta’ na kuwataka wachore walichoelewa. Michoro ikitofautiana, somo litakuwa limekwisha kufundishwa, na hakuna injini itakayokuwa imechemka.