Umejitolea figo, kumbe ina mishipa miwili: Sasa itakuwaje?

Tuseme simu inalia ukiwa kazini Nairobi. Ni mwaitu, mamako, kutoka Migwani. Kakako, ambaye husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, anahitaji figo. Unakubali kumpa yako. Unapimwa damu, mkojo, presha na sukari, na kila kitu kiko fiti. Kisha picha za CT zinatoka na daktari anakwambia: “Figo yako ya kushoto ina ateri mbili.”

Moyo unapiga paa! Una kasoro?

La. Kwa kawaida figo hupata damu kupitia ateri moja inayotoka kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Lakini takriban mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada, upande mmoja au pande zote mbili. Wengi huzeeka bila kujua, maana haiumi wala haizuii figo kufanya kazi.

Mwenye kibarua ni daktari wa upasuaji. Wengi hupendelea figo ya kushoto kwa kuwa vena yake ni ndefu, hivyo ni rahisi kuishona kwa mgonjwa. Ikiwa ya kulia ina ateri moja, huenda wakachagua hiyo. Ama watoe hiyohiyo ya kushoto, waipoze kwa barafu, kisha waunganishe ateri zake ubavu kwa ubavu, kama miguu ya suruali inavyokutana juu. Hata ateri nyembamba ya upande wa chini haipuuzwi: mara nyingi ndiyo hulisha mrija wa mkojo. Ikifungwa, mrija unaweza kufa na mkojo ukavuja ndani ya mgonjwa.

Ufundi huu si wa jana. Mfaransa Alexis Carrel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kushona mishipa ya damu, alijifunza sindano kwa mama mtarizi wa Lyon.

Hata hivyo, usikubali tu kwa kuwa ni ndugu. Ateri mbili hurefusha upasuaji, kwa hivyo uliza: hapa mmeshafanya kazi kama hii mara ngapi? Nitabaki na figo ipi? Kanuni ni kwamba figo zikitofautiana kwa nguvu, iliyo bora hubaki kwako. Na ukihisi huwezi, mwambie daktari faraghani. Una haki ya kubadilisha nia hadi siku yenyewe, na si lazima ukoo wote ujue sababu.

Jioni ukimpigia mwaitu, usimwambie umepatikana na shida. Mwambie figo iko sawa, ila mishipa yake ni miwili, na wewe bado una maswali ya kumuuliza daktari.