Saa 2,200: Bei ya Kichina kwa Kijana wa Mlimba

Kutoka Mlimba hadi Makambako nchini Tanzania, reli ya TAZARA iendayo Zambia ina mahandaki 18 katika kilomita zisizofika 160. Ndicho kipande kilichowatoa jasho zaidi wajenzi katika kilomita zote 1,860 za reli hiyo. Ili ijengwe, China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wastani wa yuan 531,000 kwa kilomita. Kisha reli ikahitaji watu wa kuiendesha: mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa kusoma Beijing.

Leo kijana wa Mlimba akitaka kufuata nyayo hizo, atalipa nini?

Tuanze na fedha. Ufadhili kamili wa serikali ya China hulipia ada, malazi na bima, na humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza yuan 2,500 kwa mwezi. Yuan 1 ikiwa shilingi 350, hizo ni shilingi 875,000. Nauli ya ndege mara nyingi mwanafunzi hujilipia mwenyewe.

Gharama kubwa ni muda. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji saa zisizozidi 900 za darasani kujua Kiswahili, lakini 2,200 kujua Kichina. Kwetu pia si mteremko: "ma" ni mama, katani, farasi au kukemea, kutegemea sauti inavyopanda na kushuka.

Ukisoma saa 2 kwa wiki, saa 2,200 zitakuchukua zaidi ya miaka 21. Ukiwa China na saa 25 kwa wiki, ni wiki 88. Hapo ndipo safari inapojilipa.

Ila mwaka wa kwanza wa kusoma lugha huko, tuseme wiki 40, hutoa saa 1,000 tu. Zinazobaki, 1,200, hazimo kwenye ratiba. Ziko sokoni, bwenini na jikoni, kwa anayekubali kukosea mbele ya wenyeji. Anayejifungia na Watanzania wenzake anaziacha zipotee.

Ngazi ya nne ya HSK, mtihani wa kupima Kichina, kwa mfumo wa ngazi sita, ina maneno 1,200: maneno 30 kwa wiki kwa wiki 40. Hayo hayasubiri ndege. Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina, zipo Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013. Anza hesabu yako hapa nyumbani.