SIKIO NALO LAHITAJI SHULE

Mara kwa mara twasikia malalamiko haya: kijana amesoma Kiingereza miaka mingi, asoma vitabu vya lugha hiyo bila taabu, aandika barua safi isiyo na kosa, lakini asimamapo mbele ya mtu anayeisema kwa haraka, asikia mvumo tu kama wa maji ya mto. Hapo wenzake humcheka, na mwalimu wake humwita mvivu. Sisi twaona kuwa hukumu hiyo si ya haki, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake.

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana moja tuliyoipata katika vitabu. Katika maandishi kila neno limetengwa na jirani yake kwa nafasi nyeupe. Katika usemi nafasi hiyo haipo. Mtu asemapo, sauti yake hutoka mfululizo, na maneno hushikana. Kimya kifupi kikiwapo, pengine huwa katikati ya neno, pale midomo inapofungwa ili kutamka p au b, wala si mwishoni mwake. Kwa hiyo ni msikilizaji mwenyewe atakayeyatenga maneno, tena kwa kufuata alama ndogo ndogo ambazo hata hajui kwamba azifuata.

Alama hizo mtu hujifunza tangu uchanga. Mwaka 1996 wataalamu watatu wa Marekani, Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport, walieleza jinsi watoto wa miezi 8 walivyosikilizishwa mfululizo wa silabi usio na kituo kwa dakika 2 tu, wakaweza kutofautisha silabi zinazoandamana daima na zile zilizokutana kwa bahati. Hapana mwalimu aliyewafundisha. Lakini alama za lugha moja si alama za lugha nyingine, na hapa ndipo taabu yetu inapoanzia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili twatia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema "nyumba", mkazo waangukia "nyu"; tukisema "nyumbani", wahama na kwenda kwenye "mba". Basi sikio lililolelewa kwa Kiswahili lina kila sababu ya kutazamia kwamba, baada ya silabi yenye mkazo, itakuja silabi moja tena na neno litakwisha. Kwetu mkazo watangaza mwisho.

Kwa Waingereza mambo ni kinyume. Mwaka 1987 Anne Cutler na David Carter waliyachunguza maneno ya Kiingereza katika kamusi na katika mazungumzo. Waliona kwamba, tukiacha vijineno kama "the" na "of", takriban maneno 9 katika kila 10 ya mazungumzo huanza na silabi yenye nguvu. Mwaka uliofuata Cutler na Dennis Norris walionyesha kuwa Mwingereza asikiapo silabi ya namna hiyo hudhani kwamba neno jipya limeanza. Kwao nguvu ya sauti yatangaza mwanzo.

Ushahidi wa mgongano huu tunao vinywani mwetu. Katika "company" na "hospital" Mwingereza hukaza silabi ya kwanza. Maneno hayo yalipoingia kwetu yakawa "kampuni" na "hospitali", na mkazo ukahamia pale tulipozoea. Tazameni pia neno "mudguard", yaani bati la kukinga tope juu ya gurudumu. Sisi tulilisikia "madigadi", tukadhani ile "ma" ni ya wingi kama katika "madirisha", tukaikata, na bati likiwa moja tukaliita "digadi". Sikio lilifanya kazi yake kwa uaminifu, ila kwa sheria za kwao.

Wala asidhani mtu kuwa huu ni upungufu wa Waafrika. Mwaka 1986 Cutler na Norris, pamoja na Jacques Mehler na Juan Segui, walionyesha kuwa Wafaransa huyagawa maneno ya Kiingereza silabi kwa silabi, kama wafanyavyo kwa lugha yao, ingawa Waingereza hawafanyi hivyo. Mwaka 2005 Evelyn Altenberg aliandika juu ya wasemaji wa Kihispania waliojifunza Kiingereza, ambao walishindwa kuipata mipaka ya maneno kwa wepesi walio nao wenye lugha. Na hao wenye lugha nao wamewahi kukosea: zamani aproni kwao iliitwa "napron", lakini waliposema "a napron" masikio yakasikia "an apron", na kosa hilo ndilo lililo sahihi hata leo.

Tena alama nyingine ni ndogo mno. "A name" ni jina, na "an aim" ni shabaha. Sauti ni zile zile, ila katika shabaha koo huweza kujibana kidogo kabla ya irabu. Herufi p ikianza neno la Kiingereza hutoka na pumzi. Ikifuata s, pumzi hiyo hupotea. Wenyeji wa Mombasa na Lamu wanaijua pumzi ya namna hii, kwani kwayo humtenga paa wa porini na paa la nyumba. Wengi wetu wa bara hatukulelewa nayo, basi yatupasa kufundishwa.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Fikirini karakana ambamo msimamizi aamuru kwa Kiingereza mashine izimwe. Kitabuni amri hiyo ni maneno matatu, "switch it off". Kinywani hutoka kama neno moja, "swichitof", kwa kuwa sauti ya mwisho ya kila neno huirukia irabu ya neno lifuatalo. Mfanyakazi anayeijua "off" ya kitabuni asikia "tof", neno ambalo hajapata kuliona. Tofauti ya kuzima na kuwasha imo katika kipande hicho kidogo, na huenda mkono wa mwenzake umo ndani ya mashine. Kwa kuogopa kuchekwa aitika "yes", kisha aenda kubahatisha.

Fikirini pia mtoto wa Tanzania ambaye, kama wenzake walio wengi, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, naye aingia sekondari ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza. Kabla hajaelewa hesabu au sayansi, lazima kwanza ayatenge maneno ya mwalimu. Akishindwa, huandikwa kuwa hana akili ya hesabu, kumbe hesabu yenyewe haijamfikia.

Dawa ipo, wala si ya gharama. Walimu na wasirudie maneno moja moja tu, bali wayatamke ndani ya sentensi, kwa mwendo wa kawaida. Imla irudishwe kwa namna mpya: wanafunzi wasikilize sentensi chache, waandike walichosikia, kisha wafunuliwe maandishi yenyewe, waone walipokata vibaya, na wasikilize tena. Anayejifunza peke yake aweza kufanya hivyo kwa redio au simu. Aanze kwa kuishika silabi yenye nguvu na kuidhania kuwa ni kichwa cha neno. Mara nyingi atapata, ingawa maneno kama "about" na "machine" yatamponyoka.

Kwa wasimamizi twasema: amri ya hatari itolewe kwa lugha ambayo wote waijua, na kama ni lazima iwe Kiingereza, isemwe polepole, na aliyeipokea airudie. Na kwa ndugu zetu wafanyakazi twasema: usipolisikia neno, simama uulize, hata mara ya tatu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Aitikaye asilolisikia ndiye anayejitia hatarini, na kuwatia wenzake pamoja naye.