Filamu za 'kanda za muuaji': zinavyotengenezwa na kwa nini huaminiwa

Na Mwandishi Wetu, Kisesa

MTAZAMAJI anayeingia kwenye banda la video hapa Kisesa, wilayani Magu, filamu ikiwa imekwishaanza, anaweza kutoka akiapa kuwa ameona mtu akiuawa kweli.

Ndivyo zilivyokusudiwa filamu za kutisha zinazojifanya kuwa kanda zilizookotwa. Mojawapo ni The Poughkeepsie Tapes ya Marekani, iliyoongozwa na John Erick Dowdle na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Inadai kuwa polisi walikuta kanda zaidi ya 800 katika nyumba isiyokaliwa na mtu, zote zikiwa zimerekodiwa na muuaji wa watu wengi. Kanda hizo hazikuwapo wala muuaji hakuwapo. Hata "wapelelezi" wanaohojiwa humo ni waigizaji.

Ufinyu wa bajeti ndio unaozisaidia. Mwigizaji asiyejulikana hulipwa kidogo, na kwa kuwa sura yake ni ngeni, mtazamaji humdhania mtu wa kawaida. Picha huharibiwa makusudi ionekane kama ya kanda ya VHS iliyochakaa. The Blair Witch Project ya mwaka 1999, inayohusu vijana waliopotea msituni, ilirekodiwa kwa makumi ya maelfu ya dola na kuingiza karibu dola milioni 250. Waigizaji wake walitumia majina yao halisi, na yakabandikwa matangazo ya kuwatafuta!

Mtego huo uliwahi kumnasa aliyeutega. Mwongozaji wa Italia, Ruggero Deodato, alidhaniwa kuwa ameua waigizaji wake katika Cannibal Holocaust ya mwaka 1980, ikamlazimu kuwaonesha wakiwa hai.

Kwa mtazamaji wa kawaida, ushahidi wa namna hiyo ni orodha ya majina mwishoni mwa filamu. Bahati mbaya, hapo ndipo banda huizima ili kuweka nyingine. Kipande kilichokatwa na kurushwa simu hadi simu hakina hata jina la filamu.

Kanda ya Ziwa si mahali pa kulichukulia hilo kwa mzaha. Mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na ya albino yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2007, yalikuwa ya kweli. Picha ya kuigiza ikidaiwa kuwa ya kijiji jirani, yaweza kumtia mtu asiye na hatia mikononi mwa "wananchi wenye hasira kali".

Mtafsiri wa banda angeweza kutamka, kabla ya filamu kuanza, kuwa muuaji huyo ni mwigizaji aitwaye Ben Messmer. Filamu ingebaki ya kutisha vilevile.