Brokoli, sukuma wiki na seli za saratani

Mwaka 1992, Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza kwamba brokoli ina kemikali inayoamsha vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunja sumu. Kemikali hiyo ni sulforafani. Miaka mitano baadaye walionyesha kuwa miche ya brokoli yenye umri wa siku tatu ina malighafi ya sulforafani mara 10 hadi 100 zaidi kuliko brokoli iliyokomaa.

Ajabu ni kwamba sulforafani haikai tayari ndani ya jani. Huzaliwa jani linapokatwa au kutafunwa, malighafi hiyo inapokutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo. Mmea hujihami hivyo dhidi ya wadudu. Moto mkali huua kimeng'enya hicho, na hapo kazi hubaki kwa bakteria wa utumbo, wanaoifanya kwa sehemu tu. Basi kata mboga, iache kidogo, kisha ipike upesi. Sukuma wiki na kabichi ni za ukoo mmoja na brokoli, nazo zina kemikali za jamii hiyo, ingawa aina na kiasi hutofautiana.

Maabara imeona mengi. Seli za saratani zikimwagiwa sulforafani huacha kugawanyika, na nyingine hufa. Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu. Huko Qidong, China, ambako saratani ya ini imehusishwa na sumukuvu kwenye chakula, watu 200 walinyweshwa kinywaji cha miche ya brokoli au kinywaji cha kulinganisha. Kwa jumla, alama za madhara ya sumukuvu hazikutofautiana vya kutosha baina ya makundi hayo mawili. Jaribio la baadaye, lililochapishwa mwaka 2014, lilitia moyo zaidi: waliokunywa walitoa kwa mkojo mabaki ya benzini, sumu ya hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni vidonge. Huko Finland, wavuta sigara zaidi ya 29,000 walihusishwa katika jaribio la vidonge vya beta-karotini, rangi ya karoti, kwa matumaini ya kuwakinga. Matokeo ya mwaka 1994 yalishtua: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kitu kilichomo kwenye karoti, kikikusanywa kwa wingi ndani ya kidonge, kiliwadhuru watu waliotarajiwa kufaidika. Kwa hiyo simwamini muuzaji yeyote wa unga wa majani anayeahidi kuponya saratani.

Kula mboga kila siku, na kausha vizuri mahindi na karanga kabla ya kuhifadhi, maana sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Na ukiona uvimbe usioeleweka, au damu isiyo ya kawaida, usianze na mboga: nenda hospitali ukapimwe.